Yowe la Kutosha

Mkono wa Minza ulikufa katikati ya donge.

Haukukatwa wala haukuteguka. Ulikufa tu, kuanzia kwenye bangili kwenda vidoleni, na msumeno aliokuwa ameushika ukabaki unanguruma bila mwenyewe. Donge likajirusha. Madonge ya machinjio ya Halvar hayakuwa na kichwa wala miguu wala macho ya kumwangalia mtu. Yalikuwa nyama tupu iliyooteshwa kwenye matangi, kubwa kama ng'ombe aliyechunwa, na ukiyakata yangali ya moto yanaruka utadhani yanajua. Msumeno uliteleza, ukachana kiganja cha Minza, ukashuka na kuzama kwenye paja lake.

"Shemeji!"

Lufunga alikuwa upande wa pili wa mkanda wa kubebea madonge. Alipanda juu ya nyama, akaanguka nayo sakafuni, akaukamata msumeno pale pasiposhikwa. Glovu ilichanika na ngozi ya kiganja ikaondoka nayo. Aliuzima kwa goti.

Minza alikuwa amekaa kwenye damu, mgongo ukiegemea nguzo. Hakuangalia paja. Aliangalia ule mkono wa kulia uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Saa zangu zimeisha," alisema. "Nilijua zimebaki kidogo. Nikadhani nitalimaliza hili."

"Ungelimaliza uende nalo wapi, mwendawazimu wewe? Darasani?" Lufunga alikuwa ameshavua aproni, anaichana kwa meno. Aliifunga juu ya jeraha na kuikaza mpaka Minza akapiga kelele. "Haya, nitukane. Nikisikia matusi nitajua bado upo."

"Una sura mbaya."

"Hilo siyo tusi, hiyo ni habari."

Minza alicheka kidogo, midomo ikiwa imeshaanza kuwa na rangi ya majivu. Alikuwa mdogo wake Milembe, mke wa Lufunga, na akicheka hivyo Lufunga hupenda kuangalia pembeni. Milembe alikufa huko nyumbani, hospitali ya mjini, umeme ulipokatika na jenereta ikakosa mafuta kwa sababu mafuta walishayauza wakubwa. Lufunga aliomba ruhusa ya kwenda kumzika. Bangili haikukubali. Alimzika mkewe kwa simu, amesimama chooni, wakati wa mapumziko ya kazi.

Bangili zenyewe walivishwa siku waliyoshuka kwenye ndege huku Halvar, wanafunzi wote wa nje, na zilifungwa kwenye mfupa, siyo kwenye ngozi. Zilihesabu mambo mawili tu: saa za darasani, ambazo hazitakiwi kupungua, na saa za kazi, ambazo hazitakiwi kuzidi. Ukizidisha kazi, mkono unazimwa. Ukipunguza darasa, taa inakuwa nyekundu na watu wanakuja kukuchukua. Waliotunga sheria hiyo hawakuwahi kushika msumeno, na kama waliwahi kuwa na mkono uliokufa, basi ulikufa kwa kulaliwa.

Watu walikuja. Walikuwa wawili, wamevaa kijivu, na machela hawakuja nayo. Mmoja aliinama akaelekeza kioo chake kwenye bangili ya Minza. Akaongea kwa lugha ya kwao, na kidude kilichoning'inia kifuani pake kikatafsiri kwa Kiswahili kisafi cha mtangazaji wa redio.

"Mwanafunzi huyu hajafikisha saa za darasani. Atarejeshwa nyumbani kwa ndege ya saa nane mchana. Tunamtakia safari njema."

"Nyumbani wapi?" Lufunga alisimama. "Nyumbani kunawaka! Hakuenda darasani kwa sababu wameunguza nusu ya kijiji chao, hakuna wa kumlipia ada, ameanza kufanya kazi ya watu wawili. Ipo sheria ya Ulegezo. Nchi ikiwa na maafa mtu anafunguliwa bangili, anafanya kazi anavyoweza, anasoma anavyoweza. Mliiandika wenyewe!"

Kidude kilifikiri. "Nchi yenu iko kwenye ubao kama nchi tulivu."

"Mwezi uliopita mlimrudisha Sengo. Alipigwa risasi kwenye ngazi ya ndege. Hata hakukanyaga chini. Picha mmeiona."

"Nchi yenu ni tulivu," kidude kilirudia, kwa upole uleule.

Kwenye mkanda kulikuwa na ndoano ya kuvutia madonge. Lufunga hakukumbuka kuichukua. Alichokumbuka ni mlio wa mfupa wa bega la yule mtu wa kijivu, na kidude kikianza kutafsiri ukelele wake kisha kikakwama. Alimpiga tena. Wa pili akamgusa shingoni kwa kirungu cha umeme, na sakafu ikampanda usoni.

Walimpiga akiwa chini, bila haraka, kama watu wanaokung'uta mkeka. Halafu wakapima bangili yake. Ilikuwa ya kijani. Darasani alikuwa anakwenda, akilala huko kwenye kiti cha nyuma, na saa za kazi zilikuwa bado zimebaki. Mtu mwenye saa ni mali ya kiwanda. Wakamwacha.

Minza walimburuta kwa ule mkono uliokufa. Pengine walidhani wanamhurumia, kwa kuwa hausikii maumivu.

*

Bwana Protas alikuwa mtu wa nyumbani. Jamhuri ya Maziwa ilikuwa imempeleka Halvar awe sikio na mdomo wa wanafunzi wake, ikampa ofisi yenye zulia, na juu ya kiti chake ikatundika picha ya mheshimiwa akitabasamu. Lufunga aliingia bila kubisha, ndoano mkononi.

"Ndugu yangu, unanichafulia zulia."

"Badilisha ubao."

"Kaa kwanza. Unavuja damu."

"Minza Holo anapandishwa ndege saa nane. Badilisha ubao, Protas. Andika maafa."

"Mimi siandiki. Ubao unaandikwa na Sikio."

Kila mwanafunzi alilijua Sikio kwa jina, wachache walijua linavyofanya kazi. Protas alieleza akiwa anaangalia ncha ya ndoano. Zamani kila serikali ilikuwa inatuma barua kwamba kwake kuna maafa au hakuna, na zote zilikuwa zinadanganya. Ndipo wenye Halvar wakatengeneza mashine ya kusikiliza simu za wanafunzi na watu wa makwao. Haisikilizi wanafunzi, inasikiliza wale wa upande wa pili, mama, baba, shangazi. Inapima wanavyojibu, inapima pumzi na mtetemo wa koo. Hofu ya nchi nzima inajumlishwa kwenye mstari mmoja. Mstari ukivuka alama, nchi inaingia kwenye maafa, bangili zinafunguka zenyewe na ndege za kurudisha watu zinasimama. Hakuna afisa anayeamua. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, na ndivyo walivyotaka.

"Haiwezekani," Lufunga alisema. "Watu wanachinjwa nusu mwaka sasa. Mstari umelala kwa nini?"

Protas alibonyeza kitu mezani. Sauti ya mzee ikajaa chumba.

"*Habari za hapo, baba?*" aliuliza mwanafunzi fulani.

"*Nzuri kabisa, mwanangu.*"

"*Mmeamkaje?*"

"*Salama. Watu wote salama. Ila shule hatunayo tena, waliichoma juzi, na walimu ndani.*"

Alisema hivyo kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Protas akaweka sauti nyingine, ya mama, ambaye hajambo kabisa, ila mume wake hawajampata kichwa. Ya tatu, msichana: nzuri tu, tunamshukuru Mungu, ila tunalala porini.

"Umesikia?" Protas alizima. "Wenzetu wa nchi nyingine wakipokea simu wanaanza na yowe. Sisi tunaanza na shikamoo. Mtu anaulizwa habari, anasema nzuri, na anaisema kwa moyo mtulivu kweli, maana kafundishwa tangu anatambaa. Sikio linapima utulivu huo. Maiti zinakuja baadaye, kwa sauti ileile."

"Hatumpokei mtu kwa kumtia hofu mlangoni."

"Najua. Mama yangu mwenyewe kaniambia hajambo, na nyumba haina paa."

Lufunga aliuliza taratibu, "Umejua tangu lini?"

Protas alitazama zulia.

"Tangu lini, Protas?"

"Tangu masika. Niliandika nyumbani. Nikajibiwa kwamba wanaupenda ubao ulivyo. Nchi tulivu inakopesheka."

Ndoano Lufunga aliiweka mezani, kwa utulivu. Ngumi ndiyo aliyotumia. Protas alikwenda na kiti chake mpaka ukutani, mheshimiwa akaanguka na kioo chake, na meno mawili yakabaki kwenye zulia aliloogopa kuchafuliwa. Lufunga alimfuata akampiga tena pale chini, kwa ajili ya Sengo, na tena kwa ajili ya mafuta ya jenereta ambayo Protas pengine hakuyajua hata kidogo. Mtu aliyezoea kuonewa na watu asiowaona humpiga aliye karibu.

"Mstari umefika ukingoni," Protas alisema kupitia damu, mikono ikikinga uso. "Subiri! Nisikilize! Umebaki kidogo sana. Sauti moja tu ya nyumbani, yenye hofu ya kweli, unavuka."

"Sauti ya nani?"

"Yeyote. Lakini iwe ya kweli. Ukiigiza, Sikio linajua. Minara imeanguka karibu kote. Huko Mwanhembo, kijijini kwa kina Minza, imebaki simu moja inayoshika."

Lufunga alijua ni ya nani kabla hajaambiwa. Mama Holo alikuwa na simu ya zamani ya vitufe, anaichaji kwa kibao cha jua, na hamwazimi mtu. Alikuwa mama yake Minza, na Milembe kabla yake. Mkwe wake.

*

Miaka yote ya ndoa yake Lufunga hakuwahi kukaa mkeka mmoja na mkwewe, wala kumtazama usoni. Akimkuta njiani alikuwa anapisha. Akimsalimia alikuwa anageuza kichwa. Milembe alipokufa, wazee hawakumruhusu mtu yeyote kumpigia mama simu. Siku ya kwanza aliambiwa binti anaumwa kidogo. Ya pili, amezidiwa. Ya tatu wakaja wanawake wengi wakakaa naye, wengine nyuma yake kumdaka, ndipo akaambiwa. Walisema hakulia. Alisema tu, "Nimesikia."

Sasa Lufunga alikuwa amekaa kwenye kiti cha Protas, damu ikimkauka shingoni, anatunga sentensi. *Mama, Minza amekufa.* Maneno matatu. Bila kuzunguka, bila wanawake wa kumdaka. Mwanamke mwenye moyo mbovu, aliyebakiwa na binti mmoja. Angepiga yowe lisilo la kuigiza, na lisingekuwa la kweli isipokuwa kwake. Baadaye angemwambia alikuwa anadanganya, kama baadaye ingekuwepo.

"Saa saba imepita," Protas alisema kutoka sakafuni, leso mdomoni.

Simu iliita mpaka karibu ikate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe." Sauti ilikuwa nyembamba kama inapita kwenye tundu la ukuta. "Habari za huko?"

"Nzuri, mama. Za hapo?"

"Salama."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na mbuzi?"

"Wapo."

Kwenye kioo cha meza mstari wa kijani ulikuwa umelala chini ya alama yake. Haukutikisika hata kidogo.

"Mbona unaongea chini hivyo, mama? Ni mtandao?"

"Hapana, mtandao mzuri. Ila nipo ndani ya kihenge. Wale watu wamekuja asubuhi. Wapo hapa uani, wamemchinja beberu, wanachoma."

Lufunga alishika ukingo wa meza. Aliona kihenge kile kama kipo mbele yake, fito na udongo, kimejaa mtama nusu, na kikongwe kakaa humo magoti kifuani, simu mdomoni.

"Umesema watoto wazima."

"Wazima. Niliwavusha jana mto, wapo kwa mdogo wangu. Mimi miguu ilikataa."

"Sasa," Protas alinong'ona. Alikuwa amejikokota mpaka mezani. "Mwambie sasa. Atapiga yowe."

Lufunga alimtazama kwa namna iliyomrudisha sakafuni. Akipiga, wanaume wale wanamfikia kwa hatua chache. Asipopiga, Minza anashushwa kesho kwenye ngazi ileile ya Sengo. Na siyo Minza tu; kwenye bweni kuna wengine, taa zao zinaelekea wekundu moja moja. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kukata.

"Mkwe? Upo?"

"Nipo, mama." Sentensi yake ya maneno matatu ilikuwa imekwama. "Nilitaka kusema kwamba Minza... Minza ameumia. Kidogo."

Upande wa pili, kwa mbali, mwanaume alicheka na kitu kikagongwa kwenye sufuria.

"Kidogo kama Milembe?"

"Mama..."

"Usinizungushe, mkwe. Kwa Milembe mlinizungusha siku tatu, kilio kikanikaa kooni mpaka leo, hakitoki wala hakishuki. Sema."

Basi akasema. Alisema yote, kichwa akiwa amekigeuza pembeni, kwa heshima, ingawa kati yao palikuwa na nusu ya dunia. Bangili, ubao, Sikio, ndege ya saa nane.

"Yule kijana Sengo nilimwona," Mama Holo alisema. "Picha ilifika hadi huku. Sasa wanataka nini hao?"

"Wanataka kusikia mtu ameogopa."

"Na wakisikia, wanamwacha mwanangu?"

"Yeye na wenzake wote."

"Kumbe ni kilio tu."

"Mama, hapana. Wapo uani. Sikukupigia kwa..." Hakuweza kumaliza, maana alimpigia kwa hilo hilo. "Nakata simu. Nitatafuta mtu mwingine."

"Ukikata nakulaani, Lufunga." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Unafikiri nimekaa humu naogopa nini? Kufa? Naogopa kufa kimya, kama panya kwenye mtama. Minza msalimie. Mwambie sijambo."

Kisha akavuta pumzi. Lufunga aliisikia ikiingia, ndefu, na mtama ukitiririka chini ya mwili unaojinyoosha.

Yowe lilitoka bila maneno. Lilianzia chini ya tumbo, mahali ambapo wanawake wa Mwanhembo hulitoa wakisimama kwenye uwanja wa msiba, na lilipofika juu lilipasuka likawa jina. *Milembe! Milembe wangu! Mama, nakufa, Milembe!* Vioo vya dirisha la Protas vilitetemeka. Mstari wa kijani uliinuka, ukapita alama, ukapita mwisho wa kioo, na rangi yake ikageuka.

"Imevuka!" Protas alipiga kelele. "Imetosha! Mwambie imetosha!"

"Mama, imetosha! Nyamaza! Mama, nyamaza!"

Hakumsikia, au alimsikia. Aliendelea kulia. Sauti za wanaume zilikaribia, mmoja akatukana, fito zikavunjika. Ikapigwa risasi. Kilio kikakatika nusu, kikaanza tena kidogo, na ya pili ikapigwa. Baada ya hapo ulisikika mtama tu, ukimwagika kupitia tundu, muda mrefu.

Mtu akaokota simu. Alikuwa anahema.

"Haloo?" Sauti ya kijana, siyo mbaya. "Haloo, nani mwenzangu? Habari za huko?"

Kwenye kioo mstari ulishuka kidogo, kisha ukatulia.

*

Bangili zilifunguka jengo zima kwa mlio mmoja, kama mtu amemwaga sarafu kwenye ngazi. Wanafunzi wa Jamhuri ya Maziwa walitoka madarasani na machinjioni wakiwa wamezishika mkononi, damu ikiwachuruzika kwenye tundu za mifupa, wanakumbatiana, wanarukaruka. Kwenye ubao mkubwa wa ukumbini nchi yao ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu, na walikuwa wanaishangilia rangi hiyo.

Kijana mmoja aliyekuwa amebakiza siku moja taa yake igeuke alimshika Lufunga usoni, akambusu paji lililovimba. "Ni wewe, kaka? Wanasema ni wewe uliyefanya. Mungu akupe!" Lufunga alimsukuma kwa nguvu kuliko alivyotaka, kijana akaanguka, akaendelea kucheka akiwa palepale chini.

Minza alikuja kutoka upande wa lango la ndege. Paja lilikuwa limefungwa vizuri sasa. Nchi yake ilikuwa na maafa, kwa hiyo alistahili bandeji. Alikuwa akichechemea, anaufungua na kuufumba mkono wa kulia mbele ya macho yake, kidole kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza kuhesabu.

"Mkono umerudi," alisema. "Angalia, shemeji! Umefufuka! Walinishusha nikiwa nimeshafungwa mkanda kwenye kiti. Yule wa kijivu akasema poleni kwa maafa. Kidude chake, yaani." Alicheka. Kisha akaona uso wa Lufunga, na damu, ambayo siyo yote ilikuwa ya kwake. "Wamekufanya nini? Wanasema ni simu ya Mwanhembo iliyotugeuza. Mama anayo simu. Umempata mama?"

"Nimempata."

"Hajambo?"

Nyuma yao watu walikuwa wanaimba. Lufunga alitafuta ukutani, akaona kiti, akakivuta mpaka karibu na magoti ya Minza. Aliyageuza macho pembeni.

"Hajambo," alisema. "Anakusalimia. Salama tu. Kaa kwanza, shemeji."

Minza hakukaa.